Chumba Kilichotazama Roshani ya Yvette

Kama Jumapili iliyopita ulikuwa na mambo yako, ngoja nikuokote hapo ulipo. Mimi ni Lavonne, mke wa Cedric Mobley wa Jacksonville, Florida, mwaka wa ishirini na mbili huu. Sina mtoto. Kabla yangu alikuwepo Yvette, mke wa kwanza. Alizaa na Cedric wana wawili, wakaachana, lakini Yvette hakuachana na mama yake Cedric. Kila ukoo ukikutana, Yvette yupo. Kila picha ya ukoo, Yvette kasimama kushoto kwa Mama Odessa, mama mkwe wangu, na mimi niko pembeni kabisa, nusu ya bega imekatwa.

Niliishia pale Mama Odessa alipotangaza mezani kwamba miaka yake themanini itasherehekewa kwenye meli ya kitalii. Siku saba baharini, ukoo mzima, fulana za rangi moja, na picha moja kubwa itakayotundikwa sebuleni kwake mpaka siku watakapombeba.

"Na Yvette keshachukua chumba chenye roshani," akaongeza, kama mtu anayeongeza chumvi kwenye mchuzi.

Chumvi ile iliniingia kwenye kidonda.

Nilijiapiza mambo mawili usiku ule. La kwanza, picha hiyo nitasimama katikati, ubavuni kwa mume wangu. La pili, nami nitakuwa na roshani. Leo nasimulia nilivyoichagua, na sifichi kitu, hata kile kinachoniumbua.

*

"Chumba cha ndani kinatosha," Cedric alisema. Nilikuwa nimetandaza ramani ya meli juu ya meza ya jikoni, ghorofa kwa ghorofa, na kalamu nyekundu mkononi.

"Kisicho na dirisha?"

"Chumbani ni pa kulala, mke wangu. Ukizima taa vyote ni sawa."

"Yvette ana roshani."

"Haya, tumeanza."

"Sijaanza. Nasema tu kwamba mke uliyemwacha atakunywa kahawa akitazama bahari, na mke uliye naye atakunywa kahawa akitazama kabati."

Akacheka. Cedric hucheka anapotaka neno liishe. Ni mtu wa posta. Miaka thelathini amesambaza barua kwa miguu, na amejifunza kuwapita mbwa wakali bila kuwatazama machoni. Nami hunipita hivyo hivyo.

Nikampigia simu Claudine.

Claudine ni wakala wa safari. Ofisi yake ni meza ya chakula na simu mbili, na nusu ya kanisa letu la Kimethodisti imepanda meli kwa mkono wake. Ndiye aliyepanga vyumba vyote vya ukoo wa Mobley. Kwangu mimi ni zaidi ya wakala. Ni shoga yangu wa kufa na kuzikana. Binti yake wa pekee, Kezia, ni mwanangu wa ubatizo. Nilimpakata mimi mbele ya mchungaji akiwa na miezi mitatu, maana baba yake, kwa maelezo ya Claudine, alikuwa askari aliyehamishwa akasahau kurudi.

"Shoga, vimebaki vitatu," Claudine akaniambia. "Cha kwanza kiko ghorofa ya nane, ubavuni kwa Yvette. Mtatenganishwa na ubao tu. Na ule ubao hufunguka. Pande zote mbili zikimwomba mhudumu, anaukunja, roshani mbili zinakuwa moja."

"Mungu apishe mbali!"

"Cha pili kiko nyuma ya mashua ya kuokolea watu. Roshani unayo, lakini wiki nzima utatazama tumbo la mashua."

"Na cha tatu?"

Akashusha sauti. "Cha tatu ni cha nundu."

Meli hizi kubwa zina mahali ubavuni, katikati, ambapo vyumba hutokeza nje kama nundu ya ng'ombe. Wazoefu hugombania vyumba vya hapo. Aliye kwenye ncha ya nundu haoni bahari peke yake. Huona ubavu mzima wa meli, na roshani za watu zimepangana chini yake kama droo zilizoachwa wazi.

"Ghorofa ya tisa," Claudine akasema. "Na zile za nane hazina paa kamili. Ya Yvette utaiona yote, mpaka kikombe chake."

"Mpaka kikombe?"

"Ukitaka utahesabu na barafu."

Naungama. Sikufikiria bahari. Sikufikiria jua wala upepo. Nilifikiria kikombe kile, na nani atakaa mkabala nacho.

"Andika jina langu," nikasema.

"Cedric je?"

"Nitamwambia pale katikati meli haiyumbi."

Jioni nikamwambia, nimejifunga kibwebwe tayari kwa vita. Cedric akaniuliza namba ya chumba. Akaniomba niirudie. Kisha akasema, "Kizuri hicho. Chukua hicho hicho, tena leo, kabla hakijaenda."

Mtu aliyekuwa ananipangia kabati!

Nikadhani nimeshinda. Nikaosha vyombo huku naimba.

*

Fulana zilikuwa za zambarau, na mgongoni jina la MOBLEY kwa dhahabu. Claudine ndiye aliyeziagiza. Zilipofika nilizipanga kwenye kochi, nikazihesabu mara mbili. Ukoo tulikuwa watu arobaini na mmoja. Fulana zilikuwa arobaini na tatu.

"Zimezidi mbili," nikamwambia Cedric.

"Za akiba. Mtu akijimwagia mchuzi je?"

Akazichukua zile mbili, akazitia kwenye sanduku lake mwenyewe. Nikajisemea, mume wangu anajua kufikiria mbele.

Claudine hakuja bandari ya Miami kutuaga. Goti la mama yake lilikuwa linapasuliwa wiki hiyo, alisema, na Kezia alikuwa na mitihani ya chuo.

"Nipigie picha Yvette akila," akanitania kwenye simu. "Nataka kuona kama bado anakata kuku wa kukaanga kwa kisu na uma."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta.

Chumba kilikuwa kizuri, sikatai. Ila sikukitazama. Nilipita kitanda, nikafungua mlango wa kioo, nikaegemea ukingo wa roshani na kuhesabu: ghorofa moja chini, mlango wa nne kuelekea mbele ya meli. Ile pale! Viti viwili, meza, na kofia ya Yvette ya majani juu ya kiti.

Kwa nini viti viwili? Kila roshani ina viti viwili, najua. Siku ile sikutaka kujua.

Siku mbili za kwanza sikuiona bahari. Watu wanarudi Jacksonville wakisimulia pomboo walioruka mbele ya meli. Mimi waliniruka, nilikuwa natazama chini. Mara moja nilisikia kicheko cha msichana upande wangu wa kulia, nyuma ya ubao unaotenga roshani yetu na ya jirani. Nikakipuuza. Nilikuwa kazini.

Yvette akiondoka chumbani kwake, nami naondoka. Akienda bwawani, nami nimekumbuka kuogelea. Akicheza dansi la mistari na mabinti wa ukoo, nami niko mstari wa nyuma, nakanyaga watu. Asubuhi ya pili alinikuta kwenye foleni ya uji wa mahindi na kamba.

"Lavonne, mpenzi. Chumba chenu kizuri?"

"Kinaona mbali," nikamjibu.

"Ndiyo," akasema, akijipakulia kamba taratibu. "Nimekiona."

Sikulipa uzito neno lile.

Kilichokuwa kinanila ni Cedric. Kila asubuhi, saa mbili kamili, alivaa raba zake. "Naenda kutembea kule juu, kwenye njia ya mazoezi. Daktari kasema." Saa moja baadaye anarudi, ananibusu shavuni, anauliza kama nimekula. Kwapa kavu. Raba hazina vumbi. Ndani ya pumzi yake kuna kahawa nzuri, siyo ile ya kwenye mashine ya ukumbini.

Nani aliyemtengenezea ile kahawa?

Nilikuwa na jibu moja tu, nalo lilikuwa na kofia ya majani.

*

Siku ya tatu ndiyo siku yenyewe, miaka themanini ya Mama Odessa. Picha ilikuwa saa nne, kwenye ngazi kuu. Amri ilikuwa kila Mobley avae fulana tangu anapoamka. Cedric akavaa yake, akavaa raba, akatoka. Nikavaa yangu, nikatupia joho la kuogea juu, nikaenda kwenye kituo changu cha kazi.

Nikainama.

Kwenye roshani ya Yvette alikaa mwanamume, mgongo kwangu. Fulana ya zambarau. MOBLEY. Kichwa kipara kinang'aa. Na nyuma yake amesimama Yvette, chupa ya mafuta mkono mmoja, na kwa mkono wa pili anampaka kile kichwa. Polepole. Kwa kuzungusha. Kisha akainama akakibusu.

Ningemkuta kitandani pengine ningelia. Lakini kumpaka mafuta kichwani! Kichwa ambacho mimi nakinyoa kila Jumamosi jioni, taulo begani, tangu nywele zilipoanza kumkimbia!

Lifti sikuingoja. Nilishuka ngazi miguu mitupu, nikapita ukumbi mrefu, nikafika mlangoni. Mlango niliupiga kwa ngumi mbili.

"Fungua! Fungua, Yvette, umtoe huyo unayempaka mafuta!"

Milango ikaanza kufunguka kushoto na kulia. Zambarau. Zambarau. Zambarau.

"Shangazi Lavonne, kuna moto?"

"Upo, na uko humu ndani! Miaka ishirini na miwili nimevumilia, leo atatoka, na wote wamwone!"

Mlango ukafunguliwa.

Alikuwa Roscoe. Kaka mkubwa wa Cedric. Mjane, mzee wa kanisa, mwimbaji wa besi. Kichwa kinameremeta kama sahani ya harusi.

"Shemeji," akasema kwa sauti yake ile ya kwaya. "Umeamkaje?"

Nilikuwa nimesahau jambo ambalo kila mtoto wa ukoo ule analijua. Mobley wa kiume hafiki arobaini na nywele. Uwavalishe fulana moja, uwatazame kwa nyuma kutoka ghorofa ya juu, hata mama yao atakosea.

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. "Mzee Roscoe! Kumbe ndiyo maana siku hizi unang'aa!" Mwingine akauliza kama mafuta yamebaki, naye apakwe. Roscoe akajishika kichwa kama aliyevuliwa kofia mbele ya watu. Yvette akatokea nyuma yake, mikono bado ina mafuta, na akanitazama bila hasira. Hilo liliniuma kuliko kama angenipiga.

Kisha kicheko kikakatika, kwa sababu kiti cha umeme cha Mama Odessa kilikuwa kinakuja.

"Lavonne. Unagonga mlango kama polisi."

"Mama, nilidhani…"

"Najua ulichodhani. Umekidhani tangu siku ya harusi." Akawageukia wale wengine. "Roscoe na Yvette walikuwa watangaze uchumba wao leo kwenye keki. Mmeshatangaziwa. Rudini vyumbani mkachane nywele, wenye nazo."

Watu wakaanza kujirudisha milangoni. Mimi nilibaki pale, joho limenifunguka, uso unawaka. Nikatamani meli itoboke. Ndipo swali likanijia, dogo tu, na likatoka mdomoni kabla sijalizuia.

"Kama huyu ni Roscoe, Cedric yuko wapi?"



Roscoe akaangalia zulia. Mama Odessa akarekebisha kamba ya miwani yake. Nakijua kimya cha watu wasiojua. Hicho hakikuwa chenyewe.

Yvette akafuta mikono kwenye fulana yake, akanishika kifundo cha mkono. "Ingia ndani."

*

Alinipitisha chumbani, akanitoa kwenye roshani, kwenye vile viti viwili nilivyovichunga siku tatu. Harufu ya mafuta ya nazi ilikuwa bado iko pale.

"Nikwambie kitu, Lavonne," akasema. "Simtaki Cedric. Nilishamtaka. Nikampata, nikamfungua, nikaona kilichomo. Wewe ndiye uliyekuwa unanilinda nisimwibe mtu niliyemrudisha mwenyewe."

"Wewe unaniita mjinga?"

"Nakuita kipofu. Umechagua chumba kile uniangalie. Hukuwaza hata mara moja kwamba nami nikiinua kichwa nakuona? Siku ya kwanza nilicheka. Nikamwita Roscoe, tukacheka wote. Jana asubuhi nilikuona unatoka mbio, ukidhani nimeshatangulia kwenye chai. Ulipofunga mlango tu, niliona kingine. Sikucheka tena."

"Umeona nini?"

"Inua kichwa."

Nikainua.

Niliiona nundu ya meli kwa mara ya kwanza kutoka chini, imetokeza juu ya maji. Nikaiona roshani yangu, na taulo langu la njano nililolianika. Nikatafuta ule ubao unaotutenga na jirani. Haukuwepo. Nilipotoka tu mhudumu alikuwa ameukunja na kuulaza ukutani, na roshani mbili zimekuwa moja.

Upande wa jirani alikaa mwanamume, mgongo kwetu. Fulana ya zambarau. MOBLEY. Kichwa kipara, kikavu, chenye kovu dogo la wembe nyuma ya sikio. Kovu lile nililiweka mimi, Jumamosi moja mkono uliponiteleza.

Mlango wa kioo ukafunguliwa, akatoka msichana. Akaketi juu ya mkono wa kiti cha mume wangu, akachukua kipande cha tikiti kwenye sahani yake bila kuomba, kama mtu aliyeizoea sahani ile. Akacheka. Kicheko kilekile cha nyuma ya ubao.

"Baba," akasema, na hewa ya bahari ikaniletea neno zima zima, "umenibakishia kimoja tu tena!"

Kezia.

Kezia wangu wa ubatizo. Kezia mwenye mitihani. Ana miaka kumi na tisa. Ndoa yangu ina ishirini na miwili. Sikuhitaji kalamu nyekundu.

Nikashika ukingo. Yvette akanishika mimi. Ajabu ya dunia, mwanamke niliyemwonea wivu maisha yangu yote ndiye aliyenizuia nisianguke baharini.

"Subiri," akaninong'oneza. "Hawajatoka wote."

Akatoka Claudine. Shoga yangu, mwenye mama wa kupasuliwa goti. Vikombe viwili mkononi. Akaweka kimoja mbele ya Cedric, akampitishia kiganja kwenye kipara chote, mara moja, kama mtu anayefuta vumbi kwenye kitu chake. Kisha akasogea kwenye ukingo kunywa kahawa, akatazama bahari, akatazama chini.

Macho yetu yakakutana.

Nilimngoja ashtuke. Nilimngoja aangushe kikombe. Claudine hakushtuka. Alinitazama kama mtu anayeona basi alilolisubiri muda mrefu limekuja hatimaye. Na ndipo nikaelewa nani alinichagulia chumba. "Mpaka kikombe chake," aliniambia. Alinipa roshani ya kutazama chini na mbele, ili nisije nikageuza shingo kulia.

Alikuwa amevaa zambarau. Na Kezia pia. Fulana mbili za akiba. Na yake Claudine ilimkaa mwilini vizuri kuliko yangu inavyonikaa. Alijiagizia kipimo mwenyewe.

Nyuma yangu nikasikia magurudumu ya kiti kwenye zulia. Mama Odessa alikuwa ameingia mpaka kwenye mlango wa kioo.

"Nilimwambia Cedric akwambie kabla hatujapanda meli," akasema. "Akaniomba siku tatu. Zimeisha leo."

"Mama, ulijua."

"Tangu mwaka juzi. Yule mtoto alikuja kwangu mwenyewe, akasimama barazani, nikamwona ana paji la uso langu." Sauti yake haikupanda wala kushuka. "Nina miaka themanini, Lavonne. Sitaki kufa namwona mjukuu wangu kwa kujificha. Saa ngapi sasa, Yvette?"

"Saa tatu kasorobo, Mama."

"Picha ni saa nne. Mpiga picha nimemwambia apange watu arobaini na tatu."

Nikainua kichwa tena. Huko juu Cedric alikuwa ameinuka. Alikuwa amegeuka. Nilimwona ananiona, na midomo yake inaanza kutengeneza jina langu.

Mama Odessa akanyoosha mkono, akanirekebishia kola ya joho kama mama anayemwandaa mtoto kwa shule.

"Na wewe ukiwemo," akasema. "Au nimwambie arobaini na mbili?"

Nikalivua joho, likaanguka sakafuni. Nikaushika upindo wa fulana yangu kwa mikono miwili, nikaanza kuivua.